Nani anayasukuma maji? Kosa lililofichika ndani ya neno 'osmosisi'

PITA sokoni jioni umwangalie mama mboga anavyoishughulikia sukuma wiki iliyonyauka kwa jua la mchana. Husimamisha mashina yake ndani ya beseni la maji, kisha akaendelea kuhudumia wateja. Baada ya muda, majani yaliyokuwa yamelegea kama kitambaa huwa yameinuka, yamekakamaa, yanauzika tena. Muulize kilichotokea, atakujibu bila kusita: "Si imekunywa maji!"

Toka hapo uingie jikoni. Umekatakata nyanya na vitunguu vya kachumbari, ukanyunyiza chumvi, ukangojea nyama iive. Ukirudi utakuta bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe wala mtu mwingine. Muulize mpishi, naye atakuambia: "Chumvi imeyavuta maji."

Majibu haya yote yanaeleweka, na sina nia ya kumsahihisha mama mboga, maana mboga zake zimeinuka kweli. Lakini hebu tuvitazame vitenzi vyenyewe. Anayekunywa ana mdomo. Anayevuta ana mkono. Jani halina mdomo, na chumvi haina mkono. Basi ni nani anayeyasogeza maji haya?

Swali hili niliulizwa darasani miaka mingi iliyopita na msichana wa Kidato cha Kwanza. Tulikuwa tumetia vipande vya kiazi ndani ya maji ya chumvi, navyo vikasinyaa na kulegea. Nilieleza kwa Kiingereza cha kitabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili walioketi nyuma wanifuate. Msichana yule akainua mkono: "Mwalimu, sawa, maji yametoka. Lakini nani ameyasukuma?"

Nikamjibu kwa neno moja: "Osmosisi." Akaliandika daftarini, akanyamaza. Leo najua kwamba sikumjibu. Nilimpa jina tu. Tena jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "msukumo". Yaani mtoto aliuliza nani ameyasukuma maji, nami nikamwambia yamesukumwa na msukumo!

Makala haya yanafuata safari ya swali hilo. Wataalamu wa Ulaya walihitaji zaidi ya karne moja na nusu kulijibu, na miongoni mwa vilivyowachelewesha ni maneno waliyoyatumia. Sisi tunaotaka kuandika sayansi kwa Kiswahili tuna la kujifunza hapo.

Kibofu kilichofura

Hadithi inaanzia Ufaransa mwaka wa 1748. Kasisi Jean-Antoine Nollet, aliyekuwa pia mwanafizikia mashuhuri, alijaza chupa pombe kali, akafunga mdomo wake kwa kibofu cha nguruwe na kuitumbukiza ndani ya maji. Alitaka tu kuikinga pombe hiyo isiguswe na hewa. Saa chache baadaye alikuta kibofu kimefura na kutuna kama tumbo la mtu aliyevimbiwa. Alipokitoboa, kioevu kiliruka juu kwa nguvu. Akageuza mambo: maji ndani, pombe nje. Safari hii kibofu kikabonyea kuelekea ndani.

Nollet alikata kauli kwamba kibofu hupitisha maji kwa urahisi kuliko kinavyopitisha pombe. Kauli hiyo ilikuwa sahihi, na ndani yake mlikuwa na mbegu ya kila kitu kilichofuata: kuna tando zinazoruhusu kitu kimoja kupita na kuzuia kingine. Hata hivyo, hakuna aliyeifuatilia kwa dhati kwa takriban miaka 80.

Aliyelifufua suala hili ni Henri Dutrochet, daktari Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1776. Huyu alijaza vipande vya utumbo wa kuku maziwa au maji ya gundi, akavifunga na kuviweka ndani ya maji. Vikafura. Alipoangalia mimea na wanyama kwa hadubini, aliona mtindo ule ule wa vifuko vidogo vikijaa na kukakamaa. Mnamo 1826 alichapisha kitabu ambacho anwani yake ilidai kwamba amemfichua mtendaji hasa wa mwendo wa uhai. Zingatia neno hilo, msomaji: mtendaji. Dutrochet aliamini amemfumania yule anayesukuma. Mwanzoni hata alidhani kwamba mtendaji huyo ni umeme.

Kwa hivyo akabuni majina kutokana na neno la Kigiriki la msukumo: endosmose kwa msukumo wa kuingia, na exosmose kwa msukumo wa kutoka. Mnamo 1854, mwanakemia wa Uskoti, Thomas Graham, aliyapunguza majina hayo yakabaki osmose. Hilo ndilo lililotufikia sisi likiwa osmosisi. Nadharia ya Dutrochet kuhusu umeme ilikufa zamani, lakini jina lake lingali linadai kila siku, katika kila darasa, kwamba kuna msukumo.

Tusimdharau Dutrochet lakini. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba jambo linalotokea ndani ya kiumbe linaweza kutokea pia ndani ya kifuko kisicho na uhai kilicholazwa mezani. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa wale walioamini kwamba uhai una nguvu yake ya siri isiyochunguzika. Alibomoa fumbo moja kwa mkono mmoja, akajenga jingine kwa mkono wa pili.

Kutoka msukumo hadi hesabu

Jibu la kweli lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mnamo 1827 mtaalamu wa mimea, Robert Brown, alitazama kwa hadubini chembechembe zilizotoka katika chavua zikielea majini. Zilikuwa zikitikisika na kurukaruka bila kukoma. Alipojaribu vumbi la mawe na vitu vingine visivyo na uhai, navyo vilirukaruka vile vile. Mwaka wa 1855 Adolf Fick, aliyekuwa mtafiti kijana huko Zürich, aliandika kanuni za hesabu zinazoonyesha jinsi chumvi inavyotawanyika majini: pale tofauti ya wingi ni kubwa, mtawanyiko ni wa kasi, pale tofauti ni ndogo, kasi hupungua. Na mnamo 1905 Albert Einstein alithibitisha kwa hesabu kwamba mtikisiko ule wa Brown unasababishwa na molekuli za maji zinazogongagonga kila kitu kutoka kila upande, bila mpango wowote.

Bila mpango wowote! Hapo ndipo penye ufunguo. Chukua mfano wa stendi ya matatu iliyogawanywa mara mbili kwa ua wenye mianya. Upande mmoja una watu 1,000, upande wa pili 100. Wote wamefungwa vitambaa machoni na wanatangatanga ovyo. Kila mmoja akifika penye mwanya anapita, hajui aendako. Baada ya saa moja pande hizo zitakuwa zimekaribia kulingana. Nani amewahamisha? Hakuna. Hakuna aliyepiga kipenga, hakuna kondakta aliyeita abiria. Waliovuka kutoka upande wa 1,000 ni wengi kwa sababu tu huko ndiko kulikokuwa na wengi wa kuvuka.

Huo ndio mtawanyiko. Sasa geuza mfano kidogo: watu ni molekuli za maji, na upande mmoja wamechanganyika na magunia makubwa yasiyoweza kupenya mianya. Magunia hayo ni sukari au chumvi. Upande wenye magunia una maji machache kwa kila eneo, kwa hivyo yanayovuka kutoka huko ni machache kuliko yanayoingia. Mwishowe upande huo unafura. Magunia hayakuvuta mtu. Ndiyo osmosisi: maji huelekea palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka, ilhali hakuna tone hata moja linalojua linakoelekea.

Mnamo 1877, Mjerumani Wilhelm Pfeffer alitengeneza utando wa kemikali ndani ya kuta za chungu chenye vinyweleo, akaweza kupima shinikizo linalotokana na mwendo huu. Rafiki wa sayansi ya mimea, Hugo de Vries, alimpasha Jacobus van 't Hoff habari za vipimo hivyo huko Amsterdam. Van 't Hoff akagundua kwamba shinikizo lile hufuata kanuni sawa na ile ya gesi iliyofungiwa chupani. Mwaka wa 1901 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia, na kazi hii ilikuwa sehemu ya sababu.

Utando wenye milango

Lilibaki swali la mianya. Seli zetu zimezingirwa na nini hasa? Katika miaka ya 1890 Ernest Overton, Mwingereza aliyefanya kazi Zürich, alijaribu mamia ya kemikali kwenye seli hai. Aligundua kwamba kadiri kitu kinavyoyeyuka vizuri katika mafuta, ndivyo kinavyoingia seli kwa wepesi. Akahitimisha kwamba mpaka wa seli una asili ya mafuta. Mnamo 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walikamua mafuta ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo lake. Lilikuwa takriban mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Maana yake utando ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Ajabu ni kwamba vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili ambayo kwa bahati yalifutana, wakapata jibu sahihi.

Hapa Kiswahili kina neno zuri kuliko mengi. Tunasema utando: ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemka yakapoa. Ni laini, hutikisika, una asili ya mafuta. Singer na Nicolson walipoeleza mwaka wa 1972 kwamba mpaka wa seli ni kama bahari nyembamba ya mafuta ambamo protini huelea, mtu aliyewahi kuchemsha maziwa hangeshangaa sana. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wasiuite ukuta. Mmea una ukuta pia, lakini huo uko nje ya utando.

Ila mafuta na maji havipatani. Mbona basi maji hupita kwa kasi vile katika figo na katika seli za damu? Jibu lilipatikana kwa bahati. Huko Baltimore, Marekani, Peter Agre alikuwa akitafuta kitu kingine katika seli nyekundu za damu alipokutana na protini asiyoijua. Mnamo 1992 yeye na wenzake waliingiza maelekezo ya kutengeneza protini hiyo katika mayai ya chura mwenye kucha, ambaye asili yake ni Afrika hii yetu. Mayai hayo yalipotiwa katika maji yasiyo na chumvi nyingi, yalifura na kupasuka. Yale yasiyo na protini hiyo yalikaa tuli. Mlango wa maji ulikuwa umepatikana, ukaitwa akwaporini. Mlango mmoja huweza kupitisha mabilioni ya molekuli za maji kwa sekunde, na hautumii nishati yoyote. Agre alituzwa Nobel mwaka wa 2003.

Nisieleweke vibaya. Si kila kitu kinavuka hivyo. Seli ina pampu pia, kwa mfano ile ya sodiamu aliyoieleza Jens Skou mwaka wa 1957, ambayo hutumia nishati kuvipeleka vitu kinyume cha mkondo. Hapo kitenzi "kusukuma" kinastahili kabisa. Tatizo ni kukitumia mahali pote.

Uhai wa mtu ndani ya kitenzi

Kuna atakayeuliza: mwalimu, kwani tofauti iko wapi, maji yakisukumwa ama yakijipitia? Tofauti iko wodini.

Thomas Graham yule yule aliyefupisha jina la Dutrochet ndiye aliyeonyesha mnamo 1861 jinsi utando unavyotenganisha vitu vidogo na vikubwa, akaipa njia hiyo jina la dialisisi. Miaka zaidi ya 80 baadaye, mwaka wa 1943, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff alizungusha mrija mrefu wa selofani wa kutengenezea soseji kwenye pipa la mbao, akapitisha damu ya mgonjwa ndani yake huku nje kukiwa na maji yenye chumvi. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walifariki, hadi 1945 alipopona mwanamke wa umri wa miaka 67. Leo kuna Wakenya wanaokwenda kusafishwa damu kila wiki. Mashine huizungusha damu na kuondoa maji ya ziada kwa shinikizo, lakini yurea na sumu nyingine nyingi huvuka utando zenyewe, kutoka zilipo nyingi hadi zilipo chache. Ndiyo maana mgonjwa hukaa pale saa nyingi. Haiwezekani kuharakisha sana kitu kisicho na wa kukisukuma.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mtoto anaharisha, naye mama anajua kumtengenezea maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kinachotokea ni kwamba sukari na sodiamu hupita pamoja katika mlango mmoja wa utumbo, jambo lililoelezwa na Robert Crane mwaka wa 1960, kisha maji hufuata nyuma yake kwa osmosisi. Mnamo 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi waliotoka nchi ambayo leo ni Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kudunga mishipani, akaamua kuwanywesha watu mchanganyiko wa aina hii kambini Bangaon, India. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Sasa basi, mama anayeamini kwamba sukari humpa mtoto nguvu anaweza kuongeza vijiko vinne vingine kwa mapenzi tu. Hapo kachumbari inarudi. Sukari ikizidi katika utumbo kuliko katika damu, maji hayaingii mwilini. Yanatoka mwilini kwenda tumboni, na kuharisha kunazidi. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipunguza ukolezi wa mchanganyiko wake mwaka wa 2002, kutoka kipimo cha 311 hadi 245. Ndiyo maana pakiti iliyopimwa kutoka kliniki au duka la dawa ni salama kuliko kukisia, na ndiyo maana mama anahitaji kuelezwa sababu, wala si kupewa jina.

Kauli tuliyonayo tayari

Tumwelezeje basi? Nadhani sarufi yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Kiswahili hutenganisha wazi kauli mbili. Katika kauli ya kutendwa tunasema "maji yamemwagwa na Juma", na mtendaji yupo hata tusipomtaja. Katika kauli ya kutendeka tunasema "maji yamemwagika", na hatuwezi kuongeza "na Juma". Sentensi inakataa. Haitaki mtendaji.

Katika Kiingereza cha vitabu, mwendo huu wa vitu huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa kauli ya kutendwa. Mfasiri mwenye haraka atakimbilia "usafirishaji tendwa". Tazama alichokifanya: amemrudisha msafirishaji ambaye sayansi ilichukua zaidi ya miaka 150 kumwondoa! Vitenzi kama "sharabu" na "fyonza" navyo vina mnywaji na mfyonzaji ndani yake. Lakini tuna "tawanyika", "sambaa", "penya" na "vuka". Chumvi hutawanyika. Maji hupenya utando. Yurea huvuka. Pampu ndiyo husukuma. Ukivipanga vitenzi hivi kwa uangalifu, nusu ya somo imekwisha kabla hujachora mchoro ubaoni.

Simaanishi kwamba tulitupe neno osmosisi. Limeshazoeleka, na mwanafunzi atalikuta kila aendako duniani. Wala sidai kwamba lugha pekee hugundua ukweli. Chungu cha Pfeffer na mayai ya chura ndivyo vilivyoamua. Ninachosema ni kwamba istilahi si lebo tupu inayobandikwa juu ya chupa. Hubeba dhana ya aliyeibuni, na dhana hiyo huweza kuishi muda mrefu baada ya mwenyewe kuzikwa. Anayeunda istilahi za Kiswahili leo anawaundia wajukuu wake ama mwanga ama utata.

Yule msichana wa Kidato cha Kwanza sasa ni mtu mzima. Laiti ningempata, ningemjibu hivi: "Mwanangu, hakuna aliyeyasukuma. Yalikuwa mengi ndani ya kiazi kuliko nje, yakitangatanga, na yaliyotoka yakawa mengi kuliko yaliyorudi." Nami ningemwomba radhi kwa kumpa neno aliponiomba maana.

Ama kwa mama mboga, sukuma wiki yake itaendelea kuinuka jioni bila kusukumwa na yeyote.